Ngazi Kwenye Tangi la Michungwa

Asimina alikuwa akimpunguza bibi harusi mmoja kidevu cha pili, kazi ya uangalifu sana, pale simu yake ilipolia kwa ujumbe wa ofisi ya kodi. Watu wa Argos, mji wake kule Ugiriki, wamezoea matetemeko ya ardhi: huinuka, wakasimama mlangoni kidogo, wakarudi kumalizia supu. Lakini ujumbe ule ukiingia, mtu mzima na ndevu zake hutafuta kiti.

Kazi yake ilikuwa hiyo, kusafisha picha za harusi. Wapiga picha wa Nafplio, wa Tripoli, hata wa Athens walimtumia mafungu ya picha, naye akiwa nyumbani kwake, hana bosi wala mshahara wa mwezi, akawaondolea maharusi chunusi, akawafuta wajomba waliosinzia, akarudisha anga mahali palipokuwa na waya wa umeme. Kila kazi aliikatia risiti mtandaoni, na kila mwaka risiti zote zikaingia kwenye ritani ya kodi. Ila ritani hakuijaza yeye. Aliijaza Pandelis.

Pandelis alikuwa kumbaro wao. Ndiye aliyewasimamia kanisani, Asimina na mumewe Stelios, akawabadilishia mataji vichwani mara tatu mbele ya padri. Binti yao Dafni alipozaliwa, ndiye aliyemshika juu ya maji ya ubatizo. Kwa watu hawa kumbaro anapita ndugu, maana ndugu unapewa tu, na huyu umemchagua mwenyewe mbele ya Mungu. Pandelis alikuwa mstaafu wa benki, mtu wa shati lililonyooka na kalamu tatu mfukoni, na kwa kuwa alitoka benki, ikachukuliwa kwamba anajua kila jambo lenye namba ndani yake. Hakutoza hata senti. Asimina alimpelekea mkebe wa mafuta ya zeituni kila msimu, akampa na nywila zake zote za kodi, wakamalizana.

Sasa ujumbe ulisema hati ya makadirio iko tayari. Asimina aliifungua, akasoma, akadhani macho yanamdanganya. Ofisi ilikuwa imeona kwamba yeye na Stelios, kwa jinsi wanavyoishi, hawawezi kuwa na kipato kidogo walichotaja. Kule ndivyo mambo yalivyo. Wewe unataja ulichopata, serikali inatazama nyumba, gari na mali yako, inapiga hesabu mwenye vitu hivyo hutumia kiasi gani, na namba kubwa ndiyo inayoshinda. Asimina na Stelios walikaa vyumba viwili juu ya duka la vipuri, na gari lao lilikuwa na mlango mmoja unaofunguka kwa ndani tu. Namba iliyoandikwa pale ilikuwa ya watu wenye mpishi.

Kodi yenyewe ilimuuma, tusidanganyane. Lakini kilichomtisha zaidi kilikuwa chekechea. Dafni alikuwa amelelewa na bibi yake, mama yake Asimina, mpaka majira ya kuchipua bibi alipoteleza kwenye ngazi za kanisa akavunjika nyonga. Ilibaki chekechea ya manispaa, na nafasi ya bei nafuu walipewa wenye kipato kisichozidi kiwango fulani. Maombi yalifungwa mwisho wa Julai. Kwa namba ile, Dafni alikuwa nje kabla hata jina lake halijasomwa, na chekechea za watu binafsi zingemeza kila alichopata mama yake.

Bila chekechea hakuna kazi. Hilo alikwisha kulijua. Mwezi wa tano, Dafni akimvuta gauni akitaka uji, Asimina alimfuta bibi harusi kidoti cha shavuni katika picha zote, kidoti ambacho ukoo mzima ulijivunia tangu kwa bibi mzaa bibi. Mpigapicha alifoka kwenye simu mpaka Stelios akasikia akiwa bafuni. Mteja yule hakurudi tena. Wakiondoka wawili zaidi wa namna ile, angekuwa anafuta meza za mkahawa badala ya kufuta vidoti.

Akampigia Pandelis.

"Kumbaro, umeiona hii namba?"

"Nimeiona, shemeji. Usijipe presha."

"Nisijipe presha! Wanasema tunaishi kama wenye meli!"

"Kompyuta hizo. Za serikali zina wazimu wake. Mwakani nitalitazama."

"Chekechea si ya mwakani, kumbaro. Ni sasa hivi."

"Miaka yote hujawahi kulalamika," Pandelis alisema, na ubaridi ukaingia katika sauti yake.

"Silalamiki, kumbaro wangu. Nauliza tu. Msalimie mkeo." Akakata simu, akajichukia. Ndiyo hasara ya kitu cha bure: cha kununua ukiona kibovu unakirudisha dukani, cha bure unakishukuru.

Siku zilizofuata alikaa roho juu. Alikula bila kujua anakula nini. Picha zikawa zinamtoka mbaya, maharusi wamepauka kama walioamka kutoka homa. Stelios, ambaye alihudumu katika mkahawa wa ufukweni Nafplio na kurudi na miguu imevimba, alisema yale yanayosemwa na wanaume wasiotaka kuguswa na jambo: litapita.

"Twende kwa mhasibu," Asimina alisema.

"Una kichaa? Pandelis akisikia?"

"Pandelis ndiye atakayekaa na Dafni mimi nikifanya kazi?"

"Yule alitushikia mataji, Mina."

"Najua. Nilikuwepo."

Asimina alikuwa akimfikiria mhasibu kwa miaka, kama mtu anavyofikiria daktari wa meno. Kila alipouliza bei alisikia yuro sitini kwa mwezi, mvua au jua, kazi iwepo isiwepo, naye akasema moyoni kwamba sitini ni viatu vya Dafni, ni umeme. Safari hii hakuuliza bei kwanza. Alivaa miwani ya jua, akapita nyuma ya soko ili asionekane, kana kwamba anakwenda kwa hawara, akapanda hadi ofisi ya Bi Evanthia iliyokuwa juu ya duka la mchonga funguo.

Bi Evanthia alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, mwenye sauti ya sigara na feni iliyoelekezwa kwake peke yake. Hakumkaribisha kwa maneno mengi. Alimsogezea kiti kwa mguu.

"Nani alikuwa anakujazia?"

"Mtu wa... mtu wa nyumbani."

"Kumbaro au binamu?"

Asimina aliinamisha kichwa. "Kumbaro."

"Afadhali. Binamu ni wabaya zaidi." Akageuza kompyuta upande wa Asimina ili aingize nywila. "Haya, nionyeshe zote. Mficha uchi hazai, mwanangu. Ukinificha kitu hapa, unakuwa umenilipa nikutibu mguu usiouma."

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipita nyumba, akapita gari, akapita nyumba ndogo ya kijijini aliyoirithi Asimina kwa babu yake pamoja na shamba la michungwa. Mahali fulani kidole chake kikasimama. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena.

"Bwawa lenu la kuogelea liko wapi?"

"Bwawa gani?"

"Hili mlilojaza hapa. La nje. Kubwa, hongereni."

"Bi Evanthia, mimi nina beseni. Sina bwawa."

"Serikali inasema unalo, na inasema hivyo kwa sababu wewe umeiambia. Mwaka huu na mwaka jana."

Hapo ndipo Asimina alipolikumbuka tangi. Kule shambani kulikuwa na tangi la saruji lililojengwa na babu yake, la kuhifadhi maji ya kumwagilia michungwa, lenye ukungu kingoni na vyura ndani. Akamkumbuka na Pandelis, kiangazi cha mwaka juzi, wakila tikiti maji barazani. Habari zilikuwa zimeenea siku zile kwamba wakubwa wanatafuta kwa picha za angani mabwawa yaliyofichwa na matajiri, na watu wengine walikuwa wakiyafunika kwa maturubai ya kijani. Pandelis alikuwa ametazama juu angani kwa wasiwasi. "Na lile tangi lenu, shemeji," alisema, "kutoka juu si linaonekana bwawa kabisa? Watasema mmeficha." Asimina alicheka, akamkatia kipande kingine cha tikiti. Sasa alielewa kilichofuata. Yule mtu mwema, kwa hofu ya kuwakinga na faini ya bwawa lililofichwa, aliwaandikia bwawa wasilokuwa nalo.

Bi Evanthia alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. "Nimeona waliotaja hata kuku wa jirani kuwa ni wao," alisema. "Hofu ikimkalia mtu asiyejua sheria, anatia saini chochote. Mwaka jana mmelipa kodi ya maji ya michungwa, na kwa kuwa hati aliisoma kumbaro peke yake, hamkujua."

"Inarekebishika?"

"Inarekebishika. Ritani ya marekebisho, na vielelezo. Marekebisho yuro mia na hamsini, kisha sitini kila mwezi."

Mdomo ulimponyoka Asimina. "Mia na hamsini kufuta mstari mmoja?"

"Wewe kazi yako nini?"

"Nasafisha picha."

"Kidevu kimoja unafuta kwa dakika ngapi?"

"Inategemea. Mbili, tatu."

"Na wateja wanasemaje wakisikia bei?"

Wateja walisema mpwa wao anaweza kufanya hivyo hivyo kwa simu. Walisema hivyo kila wiki, naye kila wiki alitaka kuwaonyesha kazi za wapwa wao, maharusi wenye vidole sita. Alifungua mkoba, akahesabu nusu, akaahidi nusu nyingine akilipwa na mtu wa Tripoli.

"Sasa nisikilize," Bi Evanthia alisema akiandika risiti. "Nataka hati ya urithi inayotaja tangi. Nataka bili ya umeme wa kilimo ya pampu. Na nataka picha za tangi, pande zote, zinazoonyesha mabomba. Kabla ya mwezi kwisha."

Hati ilipatikana kwenye sanduku la mama yake, bili ikapatikana. Asimina akaendesha gari hadi kijijini akiwa na kamera, moyo umempungua uzito kidogo kwa mara ya kwanza. Alipopita michungwa na kufika kwenye tangi, aliishusha kamera. Ukingoni, imefungwa kwa bolti ndani ya saruji, iling'aa ngazi ya chuma ya kuteremkia kwenye maji, ile ile ya mabwawa ya hoteli. Vyura wamekwenda zao, maji ni safi. Pembeni mwavuli mkubwa wa mistari, na juu ya maji bata wa plastiki wa kujazwa upepo, mkubwa kuliko Dafni, akizunguka taratibu.

Alikuwa ameisahau ile ngazi! Pandelis ndiye aliyekuwa akiwatunzia shamba, akimwagilia, akipalilia. Mwaka jana alimwekea mtoto wake wa ubatizo mahali pa kuchezea maji kukiwa na joto, na Dafni alipiga kelele za furaha mpaka majirani wakaja kutazama. Kwa mapenzi yake yote mtu huyu alikuwa amewajengea bwawa, kwanza kwenye karatasi, kisha kwenye saruji.

Asimina alipiga picha hivyo hivyo, akarudi nyumbani, akaifungua kwenye kompyuta. Kufuta bata ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Mwavuli, hali kadhalika. Ngazi ingemchukua muda kidogo zaidi kwa sababu ya kivuli chake majini. Alianza. Alikuwa hodari, jamani. Ukungu alioupanda pale penye bolti ulikuwa ukungu hasa. Kisha akaiacha kazi nusu, akampigia Bi Evanthia, akamweleza kwa sauti ya chini kana kwamba kompyuta inasikia.

"Futa hiyo picha," Bi Evanthia alisema.

"Hakuna atakayejua. Hata wewe usingejua."

"Wakimtuma mtu akaitazame ngazi kwa macho yake? Leo una kosa la mjinga, na kosa la mjinga lina dawa. Ukitengeneza picha ni kosa la mwongo, na hilo mimi silitibu, hata unipe elfu. Ing'oe ngazi. Tangi liwe tangi. Halafu piga picha."

Kung'oa ngazi maana yake kumwambia Pandelis. Bolti alizifunga yeye, na spana anayo yeye. Stelios alikataa katakata kwenda. "Nenda wewe, wewe unajua kusema," alisema, akajifanya anatafuta soksi. Siku tano zilikuwa zimebaki.

Alimkuta Pandelis shambani asubuhi, suruali imekunjwa, akielekeza maji kwenye mashina. Asimina alikuwa amepanga maneno matamu njiani, yote yakamtoroka.

"Kumbaro, nimekwenda kwa mhasibu."

Pandelis aliendelea kushika bomba. Maji yakajaa shina moja, yakafurika.

"Yupi?"

"Evanthia."

"Wa juu ya mchonga funguo." Akazima maji. "Amesemaje?"

Asimina alimwambia yote, bwawa, namba, chekechea. Alijitahidi kusema "tulikosea", lakini wote wawili walijua hiyo "tu" ni nani. Uso wa Pandelis ulipanda rangi, kisha ukashuka.

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita nakesha na makaratasi yenu, senti sijachukua. Shukrani ya punda ni mateke, kweli."

"Kumbaro, usiseme hivyo."

"Niseme nini? Umempeleka mtu baki akanikague! Mji mzima sasa unajua Pandelis hajui kusoma."

"Hakuna anayejua. Mimi ninachotaka ni Dafni aingie chekechea. Nikikosa hilo nimekosa kazi. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia mimi."

"Nilikuambia. Ukasema mwakani."

Pandelis alikwenda kwenye gari lake, akarudi na spana, akapiga magoti kwenye ukingo wa tangi. Bolti zilikuwa zimeshika kutu, alihangaika nazo mpaka shati lililonyooka likagandamana mgongoni. Asimina alitaka kumsaidia, akaogopa. Ngazi ilipotoka aliibeba begani, akaukunja mwavuli, akamtoa bata upepo kwa kumkumbatia, na bata akalia kwa muda mrefu huku akisinyaa. Ingekuwa siku nyingine wangecheka.

"Kama sifai kwa makaratasi," Pandelis alisema akifunga buti la gari, "basi sifai kwa mengine. Tafuteni na mtu wa kumwagilia." Akaondoka. Asimina alipiga picha huku machozi yakimchuruzika, tangi la saruji, mabomba, pampu, michungwa nyuma yake. Hakusafisha hata moja.

Bi Evanthia alituma marekebisho siku hiyo hiyo. Kuingia ofisini ni jambo moja, kukubaliwa ni jingine, na Asimina alijifunza wasiwasi wa aina mpya, wa mtu aliyekwisha kulipia na bado hajui. Alimpigia Bi Evanthia mara nyingi kuliko inavyostahili. "Sitini yako ni ya mimi kuwa na wasiwasi badala yako," mwanamke yule alisema mwishowe. "Kwa nini unaifanya kazi niliyolipwa?" Hati mpya ilitoka asubuhi ya siku ya mwisho ya maombi. Namba ilikuwa imeshuka ikawa namba ya watu wa vyumba viwili juu ya duka la vipuri, na Asimina hakuwahi kufurahia umaskini wake kama siku hiyo. Akatuma maombi. Akangoja tena Agosti nzima, mji umehamia baharini na yeye kabaki na feni na maharusi. Majina ya chekechea yalipobandikwa, la Dafni lilikuwemo.

Pandelis hakuonekana. Sikukuu ya Bikira Maria walimpigia, mkewe akasema amelala. Stelios alikwenda kumwagilia michungwa mwenyewe alfajiri kabla ya kazi, akasonya, akasema moyoni aliyoyasema.

Asubuhi ya kwanza ya chekechea, Dafni alimwachia mama yake mkono bila hata kugeuka nyuma. Mwalimu, msichana mwenye nywele za kusuka, akamkabidhi Asimina karatasi ya kujaza: nani mwingine, zaidi ya baba na mama, anaruhusiwa kumchukua mtoto? Kwenye karatasi zote za mwaka ule hiyo ndiyo aliyoijaza bila kumuuliza mtu. Aliandika Pandelis, na namba yake ya simu.

"Nimpigie kumjulisha?" mwalimu aliuliza.

"Mpigie. Mwambie leo mama mtu ana kazi nyingi, aje yeye."

"Na asipokuja?"

Asimina alirudi nyumbani, akafungua kompyuta, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano nyumba ilikuwa kimya. Hakufanya lolote. Alikaa akitazama uso wa bibi harusi asiyemjua, na saa ya kuwachukua watoto ilipokaribia alishindwa, akavaa viatu, akatoka mbio.

Alipogeuka kona alimwona. Pandelis alikuwa amesimama mbele ya lango la chekechea, peke yake, mapema kuliko wazazi wote, shati limenyooka, kalamu tatu mfukoni, na bata wa plastiki kwapani, amejazwa upepo upya.